Hegel na Wagonjwa wa Lutindi

Mtu wa Bungu hahitaji kuelezwa habari za Lutindi. Katika milima hiyohiyo ya Usambara, wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadi leo kazi za mikono ni sehemu ya tiba.

Kant, mwaka 1781, aliiwekea akili mipaka: hujua mambo yanavyotutokea, si yalivyo yenyewe. Hegel (1770–1831) aliikataa mipaka hiyo. Kwake, hata wazimu si kutoweka kwa akili, bali ni mgongano ndani ya akili ambayo bado ipo. Kwa hiyo mgonjwa atibiwe kama mtu mwenye akili. Hata hivyo, katika mihadhara yake aliiweka Afrika nje ya historia ya dunia. Aliyeitambua akili ya mgonjwa alilinyima bara zima nafasi katika safari ya akili.

Tusiitupe hoja kwa sababu ya mwenye hoja. Mtumishi wa umma anayewahoji ndugu tu, ilhali mgonjwa ameketi mbele yake, analirudia kosa la Hegel na kulisahau funzo lake bora. Amuulize mgonjwa kwanza. Kabla ya kuipima akili ya mwenzetu, tuchunguze mipaka ya akili yetu inayopima.