Malengelenge ya Boti, Ziwa Rukwa

Wengi huijua Tunduma kwa foleni ya malori yaendayo Zambia, wakadhani Mkoa wa Songwe ni barabara tupu. Lakini ukiiacha lami na kushuka upande wa Kamsamba, baridi ya nyanda za juu hubaki nyuma, joto la bonde hukupokea, na mwisho wa safari ni Ziwa Rukwa: ziwa la kina kifupi, lisilo na mto utokao, lenye maji ya magadi na mamba wengi.

Ufukweni tulikuta boti kuukuu ya faiba imepinduliwa juu ya magogo. Ni mali ya familia kadhaa, na zamani ilikwenda kwa tanga. Tumbo lake lilijaa malengelenge, mengine kama punje ya mahindi, mengine kama sarafu. Fundi alitoboa moja kwa msumari. Yakatoka maji yenye harufu kama ya siki.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi. Boti ikikaa majini miaka mingi bila kuanikwa, maji hupenya ngozi ya juu, hukutana na mabaki ya kemikali na kuvuta maji mengine, hata ngozi ikavimba. Joto huharakisha jambo hilo.

Wenyewe walitaka ipakwe rangi warudi kuvua, kwani kila siku ya boti nchi kavu ni siku ya chungu kutoinjikwa. Fundi alikataa: kupaka rangi juu ya unyevu ni kufunga kidonda chenye usaha. Ni lazima kila lengelenge lifunguliwe na kusagwa hadi penye uimara, paoshwe kwa maji safi mara kadhaa, kisha boti ikauke kwa wiki nyingi kivulini penye upepo. Kipimo chake ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kingo zote usiku kucha. Ikitoa jasho kwa ndani, bado. Ikikauka ndipo huja tabaka za faiba na gundi mpya, msasa, na rangi mwisho. Vumbi lake hudhuru mapafu: fundi huvaa barakoa, na watoto hukaa mbali.

Baada ya majadiliano marefu, familia zilikubaliana kupokezana katika mitumbwi ya majirani. Hiyo ndiyo itqani: kazi ikamilishwe hata pale ambapo jicho halioni, kwa kuwa roho za watu ni amana.

Nanyi wazazi wenye vijana waendao ziwani, igongeni boti kwa mpini wa kisu kabla ya msimu. Penye mlio mzito, uliofifia, pana ubovu ndani.