Bila Riba Mpaka Lini?

Siku hizi naweza kukaa na karatasi za benki kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila moyo kunienda mbio. Zamani nisingeweza. Naishi Columbus, Ohio, na kwa miaka yangu ya mwanzo hapa Marekani kila kitu nilikinunua kwa pesa taslimu au nilisubiri zamu yangu ya upatu. Kwetu Tanga nililelewa na methali ya kukopa harusi, kulipa matanga, na mpaka leo naiamini. Kilichobadilika ni kwamba sasa, kabla ya kukimbia mkopo, nauliza ni wa namna gani na unakwisha lini.

Aliyenifungua macho ni dada yangu. Alinunua makochi, kitanda na meza ya chakula, vyote kwa dola 3,000, akatumia kadi ya duka lenyewe la samani. Aliambiwa hakuna riba kwa miezi 12. Kila mwezi akalipa dola 240, hakuchelewa hata mara moja. Miezi 12 ilipotimia alikuwa amebakiza dola 120, akijua atazimaliza mwezi unaofuata. Taarifa iliyomfikia ilikuwa na riba ya zaidi ya dola 500. Akanipigia simu analia: "Mdogo wangu, hawa watu wameniibia." Nikaenda kwake, tukauweka mkataba mezani.

Mkataba ulikuwa na sharti ambalo muuzaji alilipita haraka. Riba isingekuwapo ikiwa deni lote lingemalizwa ndani ya muda. Kumbe tangu siku ya kwanza ilikuwa inahesabiwa, kwa kiwango kinachokaribia asilimia 30 kwa mwaka, na kuwekwa kando. Ukimaliza deni, inafutwa. Ukibakiza hata dola moja, inakuangukia yote, pamoja na riba ya makochi uliyokwisha kuyalipia. Hiyo ndiyo riba iliyoahirishwa, na sheria inairuhusu. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwamba mtu aliyelipa kwa uaminifu mwaka mzima anaweza kuadhibiwa hivyo kwa dola 120.

Kadi ya benki yenye asilimia sifuri ya utangulizi ni kitu kingine kabisa. Katika miezi ya mwanzo riba haihesabiwi popote. Muda ukiisha ungali unadaiwa dola 120, utatozwa riba ya hizo 120 tu, kuanzia hapo kwenda mbele. Kwa dada yangu ingekuwa dola mbili tatu kwa mwezi. Matangazo ya mikopo hii miwili yanafanana sana, na siku ile ndipo nilipoamua kwamba sitawaachia tena watu wa kaunta wanisomee mkataba.

Haukupita muda mrefu, ikawa zamu yetu. Mwaka tuliohamia nyumba yetu, mtambo wa kupasha joto ulikufa katikati ya majira ya baridi. Asiyeijua baridi ya Ohio anaweza kudhani ni suala la kuvaa masweta mawili. Nyumba ikipoa sana maji huganda ndani ya mabomba, mabomba hupasuka, na hasara yake huuzidi mtambo wenyewe. Friji nayo ilikuwa inakoroma, na mashine ya kufulia ilikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wetu. Tulipojumlisha vyote, pamoja na ile asilimia 3 ambayo fundi huongeza kwa anayelipa kwa kadi, tukapata dola 6,300. Akiba ya dharura tulikuwa nayo, lakini ingebaki kavu, nasi tulikuwa na watoto na kazi za kulipwa kwa saa.

Hapo ndipo nilipokaa na majedwali ya kadi zenye asilimia sifuri. Kila ofa ya kadi hapa Marekani lazima iwe na jedwali la riba na ada, ambalo watu wengi huliita kwa jina la Charles Schumer wa New York, aliyeipigania sheria yake ya mwaka 1988 akiwa mbunge, kabla ya kuwa seneta. Jedwali hilo lina maana kuliko picha zote za familia zinazocheka kwenye tangazo. Linaonyesha asilimia sifuri inadumu miezi mingapi, inahusu manunuzi au kuhamisha deni la zamani tu, na baada yake riba inapanda hadi wapi, ambapo mara nyingi ni juu ya asilimia 20. Kuna pia sheria ya mwaka 2009, aliyoisaini Rais Obama, inayotaka kiwango cha utangulizi kidumu angalau miezi 6. Lakini ukichelewesha malipo kwa zaidi ya siku 60, benki inaweza kukunyang'anya hiyo sifuri.

Mume wangu alivutiwa na kadi yenye zawadi ya dola 200 na miezi 15 bila riba. Nikamwomba tugawanye kwanza. Dola 6,300 kwa miezi 15 ni 420 kila mwezi. Kwa miezi 21, kwenye kadi isiyo na zawadi yoyote, ni 300. Tukachagua ile ya miezi 21, kisha tukajipangia kulipa dola 350 ili tumalize kwa miezi 18 na kubaki na mitatu ya akiba, kama mmoja wetu angepunguziwa saa kazini. Zawadi ya dola 200 ni nzuri kwa mwenye uhakika wa kulipa 420. Sisi hatukuwa nao.

Saa ya kadi huanza kuhesabu siku akaunti inapofunguliwa, siyo siku unayonunua, kwa hiyo tuliomba baada ya fundi kutupa bei kwa maandishi. Kikomo cha mkopo hukijui mpaka ukubaliwe, na wapo wanaopewa nusu ya walichotegemea. Halafu kuna kile kiwango cha chini cha malipo kinachochapishwa kwenye taarifa ya kila mwezi. Kwa deni letu kingekuwa kama dola 63, yaani asilimia moja, na ningekifuata kwa miezi 18 ningekuwa bado nadaiwa zaidi ya dola 5,000. Niliiagiza benki ikate 350 yenyewe kila mwezi.

Sisi tunaotuma pesa nyumbani tuwe macho zaidi. Ukituma kwa kadi ya mkopo, huenda benki ikaihesabu kama umetoa pesa taslimu. Hapo asilimia sifuri haihusiki: unatozwa ada, na riba inaanza siku hiyo hiyo. Pesa ya mama yangu naituma kutoka akaunti yangu ya benki, kadi haiguswi.

Kabla ya kuomba kadi nilimpigia pia baba mkubwa, ambaye amesomesha madrasa maisha yake yote, nijue dini inasemaje. Baada ya shikamoo nikamweleza. Alinyamaza, kisha akauliza kama mkataba una kifungu cha riba kwa anayechelewa. Nikasema unacho. Akaniambia masheikh wa leo wamegawanyika: wapo wanaoukataa mkataba wa namna hiyo kwa sababu ya kifungu chenyewe, na wapo wanaouruhusu kwa mtu mwenye uhakika wa kulipa kabla riba haijaingia. "Wewe una uhakika, mwanangu?" Nilimsomea hesabu yote kwenye simu. Hakunipa ruhusa wala hakunikataza, aliniombea dua. Uzito wa swali lake niliubeba kila mwezi mpaka deni lilipokwisha, na namshukuru kwa kuniuliza.

Lilikwisha kabla ya tarehe, bila senti moja ya riba. Dada yangu naye amebadilika: siku hizi hasaini kitu mpaka ameona tofauti ya asilimia sifuri ya kweli na riba iliyoahirishwa. Akina mama wa upatu wetu huniletea majedwali yao siku ya kukutana, tunayasoma kabla ya chai. Upatu hatujauacha. Anayeweza kusubiri zamu yake, namwambia asubiri.

Wiki iliyopita mmoja wao alikuja na ofa ya miezi 18, anataka friji na jiko jipya. Mkopo wao wa nyumba umekubaliwa lakini hawajasaini karatasi za mwisho. Nilimsihi asiombe kadi sasa. Benki ya mkopo wa nyumba huangalia tena madeni ya mteja kabla ya kusaini, na kadi mpya yenye deni kubwa inaweza kuuchelewesha mkopo, hata kuuvunja. Aombe akishapewa funguo. Kwa sasa akapime nafasi ya friji.