Fimbo Fupi

Adel, samaki wadogo kama kidole wa Mto Migori, hawavuti mshipi. Hufyonza chambo na kukitema. Ukivua kwa ufito wa kawaida, huhisi kitu.

Ndiyo maana nilinunua fimbo ya mtumba sokoni Migori, shilingi 700, pesa za makala moja. Ni fupi, haifiki mita. Ilitengenezewa nchi za baridi, ambako watu hutoboa barafu ziwani na kuvulia kwenye tundu. Ncha yake ni laini sana. Ikiinama, kuna samaki. Ikinyooka ghafla, samaki amepanda na chambo: inua pia.

"Usivute, nyanyua tu," mzee mmoja alinifunza pale mtoni. "Ukivuta unararua mdomo."

Nyumbani Ogwedhi, baba aliona ni mchezo. Karo ilitushinda nikiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo napimwa kwa vitu vikubwa: digrii, kazi, ploti. Mimi naandika, nalipwa kidogo kidogo, tena kwa kuchelewa.

Mwezi uliopita malipo yalikwama. Adel ishirini walitosha mboga ya watu wanne. Baba alikula, akalamba vidole, akauliza kesho ninaenda saa ngapi.