Mizani ya Nani?

Wataalamu wa lugha yetu walipoitafutia jina shahada ya juu kabisa waliiita ya uzamivu, kutokana na kuzama. Neno hilo humwelea upesi mtu wa pwani, kwani mzamia lulu hasifiwi kwa urefu wa pumzi zake, husifiwa kwa alichopanda nacho. Nami, msomaji mwema, ndimo nilimo: nazamia katika fani ya kulinganisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, namna vinavyoanzishwa, vinavyoendeshwa, na vinavyohukumiwa kuwa bora au dhaifu.

Ami yangu mmoja, mtu wa tungo, aliponisikia nikiieleza kazi hii aliniuliza jambo moja tu: "Hivyo vyuo, mwanangu, mwavilinganisha kwa mizani ya nani?" Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, wala sijakutana na swali zito kuliko hilo.

Wapenzi wa ushairi wanaijua mizani kwa maana zake mbili: chombo cha kupimia sokoni, na hesabu ya silabi katika mshororo. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, laweza kutimiza hesabu yake yote na lisiwe na neno la kumfaa mtu. Hakuna malenga atakayesema mizani haina kazi. Wala hakuna atakayedai kuwa mizani ndiyo shairi.

Katika elimu ya juu, dai hilo hutolewa kila mwaka. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong kilitoa orodha ya kuvipanga vyuo vya dunia kwa daraja, na orodha nyingine zikafuata. Katika orodha hiyo, asilimia 10 ya alama hutokana na wahitimu waliopata tuzo ya Nobel au nishani ya Fields ya hisabati, 20 hutokana na walimu waliozipata, na 20 nyingine hutokana na makala zilizochapishwa katika majarida mawili ya Kiingereza, Nature na Science. Kwa upande wa walimu, Nobel zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Ya fasihi haimo. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, alitunukiwa Nobel ya fasihi. Visiwa vilishangilia, hesabu ile ya walimu haikutikisika.

Sisi nasi tulikuwa na mizani yetu. Mwanachuoni wa zamani alipewa ijaza na mwalimu aliyemsomesha, ikataja na silsila ya waliomtangulia mwalimu huyo. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alisafiri hadi Hadhramaut, Makka, Misri na Istanbul akiwafuata wanazuoni. Aliyetaka kuujua uzito wa mtu kama huyo aliuliza amesoma kwa nani. Siitaji mizani hiyo kwa kuililia: aghalabu iliwaelemea watoto wa majumba yenye nasaba, na wanawake waliofikiwa nayo ni wachache. Naitaja ili tukumbuke kwamba kila kipimo kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana anachokithamini.

Anayeshika mizani ndiye pia anayesimulia historia. Mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na ni rahisi kusema kwamba tumeiga Azimio la Bologna, ambalo nchi 29 za Ulaya zilitia saini mwaka 1999 ili kuoanisha shahada zao. Lakini mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa tayari vimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwanzoni viligawana kazi: tiba Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikataka chake. Kwa hiyo hatukuanzia kwa jirani. Tulikuwa na jahazi letu, tukalipasua wenyewe.

Lugha yetu inatoa onyo hapa. Kulinganisha na kulingana ni mashina ya mti mmoja, na anayelinganishwa kila siku na mwenziwe huishia kutamani kulingana naye. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ni kichanga. Kikikubali kupimwa kwa Nature na Science pekee, mhadhiri anayekusanya misemo ya Makunduchi au tenzi za Pemba hatakuwa na uzito wowote, na wazee wenye hazina hiyo hawatamngoja.

Tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza, kwani ndivyo chuo kinavyotaka. Sura inayohusu vipimo nimeiandika kwanza kwa Kiswahili, na ndiyo nitakayoileta visiwani isomwe na isahihishwe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tusiikimbie mizani, kwani asiyepimwa hajijui; ila tuwe miongoni mwa wanaochonga mawe yake.