Ada ya Mtoto wa Mwingine

Huko Marekani shule nyingi hufungwa tangu mwezi wa Juni hata karibu na Septemba, yapata majuma kumi. Mtoto wa kwetu shule ikifungwa hungojewa na jembe na mbuzi, na bibi yake yupo uani. Lakini mtoto wa mji mkubwa, ikiwa mama yake yu kazini tangu asubuhi hata jioni, afanye nini majuma yote hayo? Kwa ajili ya hao ziko kambi za mchana. Asubuhi watoto hupelekwa huko, hujifunza kuogelea, hucheza mpira, huchonga na kuimba, hula pamoja, na jioni hurudi kwao.

Ila kambi hutaka ada, na ada hiyo kwa mwenye mshahara mdogo ni mlima. Hapo ndipo wengine huingia. Mwaka 1877 Willard Parsons, mchungaji wa kanisa dogo la Sherman, Pennsylvania, aliwaomba watu wake wawapokee nyumbani mwao watoto maskini wa New York, wapate hewa safi, nao wakawapokea. Tena mwaka 1914 Frederick Goff, mkuu wa benki mjini Cleveland, alianzisha mfuko wa mji. Aliona ya kuwa tajiri akifa huacha wosia unaofunga mali yake kwa kazi moja tu. Haja ile ikiisha, fedha hulala bure kama mwenyewe alivyolala. Katika mfuko wa Goff zawadi za wengi zilikaa pamoja, na baraza la wenyeji likaamua zitumike kwa haja iliyopo. Leo mifuko ya namna hii ni mamia, na mingi hutoa fedha kwa kambi, ili kambi nayo impunguzie ada mtoto asiyeweza.

Twapenda hasa njia hiyo ya fedha kupitia kambini. Mtoto haendi na barua ya umaskini mkononi. Avaa fulana ile ile ya wenziwe, na aliye karibu naye majini hajui nani kalipiwa. Pengine mzazi huombwa alipe kidogo awezacho, naye hutembea kama mtu aliyelipa.

Mwaona labda ni jambo dogo. Sisi tulisomeshwa kwa mchango. Siku moja majina ya waliolipiwa yalisomwa mbele ya shule nzima, tukaamriwa kusimama ili wafadhili watuone. Umri wetu ulikuwa miaka kumi na mmoja. Kulikuwa na wali siku ile, na nyama, nasi tulikula sana. Wala hatukuwachukia wale wazee, maana walitutendea wema. Lakini hata leo orodha ikisomwa mahali po pote magoti yetu hulegea, na tukirudi kijijini hatupendi kukutana njiani na mwenzetu mmoja aliyecheka siku ile.

Mwaka huu watu wa kanisa letu wamewachangia watoto sita wa darasa letu. Mzee mmoja alitujia Jumamosi, akataka orodha ili aisome kesho yake baada ya ibada, watoaji wapate moyo. Tulimpa hesabu ya fedha, senti kwa senti, aisome yote. Majina tuliyaacha sandukuni.