Likizo ya Pemba: karafuu, popo na kisiwa cha msala

Shule zinapofungwa Juni, familia nyingi za Dar es Salaam na Unguja hufikiria Nungwi au Paje. Wachache huvuka hadi Pemba, na watoto wao hurudi na mengi ya kusimulia.

Safari yenyewe si laini. Majira hayo kusi huvuma na bahari kati ya visiwa viwili huchafuka. Mtoto anayechafukwa na roho ale chakula chepesi, na akae katikati ya boti, si mbele.

Kutoka bandari ya Mkoani, barabara hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Msimu ukianza, mara nyingi Julai, majamvi hutandikwa nje ya nyumba na harufu ya karafuu huingia hadi ndani ya daladala. Mtoto wa mjini, anayeijua karafuu ndani ya pilau tu, atawaona wenzake wakichambua makonyo.

Kidike, si mbali na Chake Chake, ndiko kwa kutenga muda. Huko hulala popo wa Pemba, wenye mabawa ya takriban mita moja na nusu, na hawapatikani kwingine duniani. Miaka ya 1980 walikaribia kutoweka: waliwindwa kwa kitoweo na miti yao ikakatwa. Wanakijiji walipoanza kuwalinda na kupokea wageni, idadi ilipanda. Hesabu za miaka ya 2000 zilipata zaidi ya 20,000. Mwambieni mtoto asipige makofi kuwarusha, maana mchana ndiyo usiku wao.

Siku ya bahari iwe ya Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998 ambako kasa hutaga. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikosa mkeka wa kusalia, akasema kisiwa hicho, kwa kuwa kinaelekea Makka, kitakuwa msala wake. Ndiyo maana ya jina. Wavuvi hupiga dago huko, kwa hiyo wageni wavae kwa heshima wanapotoka majini.

Mashua iondoke asubuhi, upepo haujakaza, na kila mtoto awe na jaketi la kuokolea linalomtosha, lisipokuwepo, ahirisheni. Misali hakuna duka wala maji ya kunywa. Bebeni vyote kutoka Chake, na taka zirudi na mashua.