Jina la Pili

Tabora ina majina mengi vitabuni. Richard Burton, aliyefika na Speke mwaka 1857, aliiita Kazeh. Wengine waliandika Unyanyembe, jina la nchi nzima. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, jirani na hapa, mwaka 1872. Ukitafuta mtandaoni “Tabora” pekee, sehemu kubwa ya habari za misafara inakupita.

Elimu hiyo ya nyumbani ndiyo iliyonifungulia China. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu yale ambayo Wachina wa kale waliandika juu ya pwani yetu. Vitabu hivyo sijaviona kwenye rafu yoyote mjini hapa, na makala nyingi mtandaoni ni za kulipia. Nilikuwa nikimtafuta Zhao Rugua, msimamizi wa biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliyeandika Zhu fan zhi mwaka 1225. Kumbe wasomi wa zamani walimwandika Chau Ju-kua. Nilipoweka jina hilo, kikatokea kitabu cha Friedrich Hirth na W. W. Rockhill cha mwaka 1911, tafsiri nzima, bure, kwenye Internet Archive. Kwa herufi za Kichina, matini yenyewe yakapatikana kwenye Chinese Text Project, nayo bure.

Zhao alikusanya habari kwa wafanyabiashara. Anaitaja nchi ya Cengba, 層拔, ambayo wasomi wengi huihusisha na Zanzibar na pwani yake. Inatoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Upande wa magharibi, anasema, kuna mlima mkubwa. Basi, habari za bara zinaishia hapo.

Nilimsomea mama.

“Na sisi je, mwanangu, katuandika wapi?”

“Nyuma ya mlima, mama.”

Hakucheka. Babu zake walikuwa wapagazi, Wanyamwezi waliobeba pembe begani hadi Bagamoyo, lakini hao ni wa karne ya 19, miaka mia sita baada ya Zhao. Siwezi kuwachomeka katika kitabu chake. Ninachoweza ni kuuliza: mwaka 1225, pembe iliyofika Cengba ilitoka wapi, begani kwa nani? Pembe haijitembezi.

Swali hilo sasa liko ukurasa wa kwanza wa pendekezo langu. Chini yake nimechora safu mbili: jina, na jina la pili. Mistari mingi ya safu ya pili bado ni mitupu.